Nyoka Alitoka Katika Kuni za Wenyeji

Somo la juma: Matendo ya Mitume 28:1-10

Ndugu na dada katika Bwana, amani iwe kwenu.

Juma hili ninawaomba tuisome polepole habari ya Paulo katika kisiwa cha Malta, ambacho Biblia yetu ya zamani inakiita Melita. Tumezoea kuihubiri kwa haraka, tukikimbilia muujiza wa mtu aliyeumwa na nyoka asife, na katika haraka hiyo tunaliruka jambo ambalo sisi wakaaji wa Goma, mashariki mwa Kongo, tuna sababu nyingi za kulitazama. Merikebu imevunjika. Watu 276 wamefika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine kwa kushikilia mbao na vipande vya chombo. Mvua inanyesha na baridi ni kali. Wenyeji wa kisiwa, ambao hawawajui watu hawa wala hawana undugu nao, wanakoka moto na kuwakaribisha wote, hata Luka anaandika kwamba walitendewa "fadhili zisizokuwa za kawaida".

Lishikeni hilo neno "wote". Ndani ya chombo kile walikuwamo wafungwa waliokuwa wakipelekwa Roma, na sura ya 27 inatueleza kwamba askari walikuwa wamefanya shauri la kuwaua, wasije wakaogelea na kutoroka. Kwa hiyo waliouzunguka moto ule hawakuwa watakatifu watupu. Yawezekana alikuwapo aliyeua kweli, na karibu naye aliyeiba kweli. Hata hivyo hakuna mwenyeji aliyesimama ufukweni kumhoji kila mmoja ametoka wapi na kabila lake ni lipi kabla ya kumwachia nafasi ya kukausha nguo.

Kisha Paulo anakwenda kuokota kuni. Mtu aliyetoka kuzama, aliyelowa, ambaye siku zake zote za safari zilikuwa za mfungwa, hakukaa akisubiri kuhudumiwa, bali aliinama akakusanya mzigo akauleta motoni. Aliyewahi kuwaona akina mama wa kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya au Bulengo wakirudi jioni, kuni mgongoni na kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, hahitaji kufafanuliwa mstari huo. Nyoka anatoka kwa sababu ya joto, anamng'ang'ania mkononi. Na pale pale watu wale wale waliomkokea moto wanaambiana kwamba mtu huyu hakosi kuwa mwuaji: bahari imemwachilia, lakini haki haitamwacha aishi.

Swali ninalotaka tulibebe juma zima ni dogo. Nyoka yule alitoka wapi?

Hakuja na merikebu, wala hakuogelea pamoja na wafungwa. Alikuwa nyoka wa kisiwa, aliyelala katika kuni za kisiwa tangu kabla mgeni hajakanyaga pwani. Alichofanya mgeni ni kuinama na kuokota kitu ambacho mwenyeji yeyote angekiokota kesho yake. Lakini kwa kuwa nyoka alionekana akining'inia kwenye mkono wa mgeni, alihesabiwa kuwa nyoka wa mgeni, tena akafanywa shahidi dhidi yake.

Sisi tumeishi na hesabu ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwezi wa Julai 1994, katika siku chache tu, karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda wakajaa barabarani, viwanjani na kwenye baraza za nyumba, kabla ya kambi kupangwa Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu yao katika muda wa majuma machache. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka kwamba mawe ya volkano yalikataa jembe: choo hakikuchimbika, hata kaburi halikuchimbika, na maji ya kunywa yalichotwa ziwani, pale pale watu walipooga na walipokufa. Hata leo utamsikia mtu mwenye akili zake akisema kwamba wakimbizi walituletea kipindupindu, ilhali ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuingia katika nchi yetu ya maziwa tangu miaka ya 1970. Maneno hayo hayo yalirudi mwishoni mwa mwaka 2022, kambi za upande wa Nyiragongo zilipojaa watu waliokimbia vita vya Rutshuru. Mtu anakunywa maji mabaya kwa kuwa hakupewa mengine, anaugua, kisha ugonjwa wake unahesabiwa kuwa tabia yake.

Sitaki kuwadanganya, wala sitaki mtu aniambie kwamba nimesahau. Ni kweli kwamba kati ya wale wa 1994 walikuwamo wauaji, askari na wanamgambo wenye silaha, ambao waliziendesha kambi zile kama himaya yao, na gharama yake Kongo imeilipa na bado inailipa. Ndiyo maana ninaona habari ya Malta inatufaa kuliko habari nyepesi ambamo wageni wote ni wema. Mtu mwenye kosa atafutwe kwa jina lake, kwa tendo lake na kwa mashahidi, kwa maana Ezekieli 18:20 inasema kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kuishuku kambi nzima ni kazi nyingine kabisa, na nikiruhusiwa kusema nionavyo, ni kazi ya uvivu: mwuaji halisi hufurahi sana anaposhukiwa pamoja na wajane elfu tano, kwa kuwa hapo ndipo anapopata pa kujificha.

Hesabu hiyo haifanywi Kivu peke yake. Mwezi wa Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, nchini Kenya, na siku chache baadaye viongozi wa nchi walitaka kambi ya wakimbizi ya Dadaab ifungwe, ingawa Wasomali waliojaa humo walikuwa wameyakimbia mauaji yaliyofanywa na watu wa namna ile ile. Ilipochunguzwa, mmoja wa washambuliaji alionekana kuwa Mkenya, mwana wa chifu, aliyesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza tena kuifunga kambi, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo hiyo ikakataa, ikiona kwamba kulikuwa kuliadhibu kundi zima la watu.

Kuna jambo lingine katika maneno ya wenyeji wa Malta ambalo linanitisha zaidi. Hawakusema kwamba Paulo ni mwuaji kwa sababu alimdhuru mtu. Walisema hivyo kwa sababu alidhuriwa. Bahari ilimvunjia chombo, nyoka akamwuma, na wao wakajumlisha: mtu anayeandamwa na mabaya kiasi hiki lazima ana lake. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalipoangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu ndani ya vibanda vyao vya turubai, wakiwamo watoto, nilisikia kwa masikio yangu mtu akiuliza, kabla hata ya mazishi, hao watu wa kambini walikuwa wakimficha nani hata wakapigwa. Bwana wetu alikutana na jumla hiyo hiyo katika Luka 13. Mnara wa Siloamu ulikuwa umewaangukia watu 18, na wasikilizaji wake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliwajibu kwa neno moja kali, "Sivyo", kisha akawageuzia wao maneno yaliyobaki.

Na shuku ikikosa ushahidi wa mabaya hujiridhisha na matamshi. Petro uani kwa kuhani mkuu alitambuliwa kwa usemi wake, na katika mji wetu watu wamenyimwa chumba cha kupanga kwa sababu ya jinsi walivyotamka neno "maji". Anayetoka upande huu wa mstari wa vita anaitwa mpelelezi wa wale. Akirudi alikotoka kuangalia shamba lake, wale nao wanamwita mpelelezi wa hawa. Nimezungumza na baba mmoja aliyeitwa hivyo pande zote mbili katika mwezi mmoja, na siku zote hizo alikuwa akitafuta mbuzi.

Sasa niseme habari yangu mwenyewe, kwa kuwa sina haki ya kuwahubiria wengine kuhusu jambo hili nikiwa nimejificha.

Alhamisi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tangazo la alfajiri lilituamuru sisi wa mitaa mingi ya mji tuondoke mara moja, kwa kuwa ilihofiwa kwamba lava ingepasuka chini ya mji au chini ya ziwa. Wengine walielekea Gisenyi, kama mji mzima ulivyofanya mnamo Januari 2002. Wengine walikimbilia bandarini kutafuta mashua. Mimi na wangu tulishika barabara ya Sake, kilomita 25 hivi, kwa miguu, mtoto wetu mdogo akiwa amewekwa juu ya chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, katikati ya magodoro. Tulifika usiku, mvua ikinyesha. Mama mmoja tusiyemjua alitufungulia mlango wa jikoni mwake, akasogeza masufuria ukutani, akaongeza makala katika jiko, na tukalala sakafuni watu kumi na mmoja.

Siku ya tatu kuku wake mmoja alipotea. Hakuna aliyetushtaki. Nilichosikia ni sauti ya jirani yake nyuma ya ua ikisema, "Si watu wa Goma hao," na tangu saa ile nilianza kutembea mikono yangu ikiwa inaonekana, na kila nilipopita karibu na banda la kuku nilikohoa kwa makusudi ili ijulikane kwamba sinyatii. Mtu mzima, mzee wa kanisa mwenye wajukuu, nakohoa kwa ajili ya kuku. Jioni kuku alirudi mwenyewe akitokea katika mihogo, naye mama mwenye nyumba akacheka. Mimi sikucheka kwa siku mbili.

Kutoka 23:9 inasema, "mnajua moyo wa mgeni". Musa hakuandika kwamba mnaijua njaa ya mgeni au uchovu wake, mambo ambayo hata asiyehama anaweza kuyakisia. Aliandika moyo. Niliporudi Goma nilifundisha juu ya mstari huo mara tatu, nikiamini kwamba ninaujua.

Mwezi wa Februari 2024 vita vilifika Sake, na barabara ile ile ikajaa watu wakija kwetu. Familia sita zilipewa ukumbi wetu wa kanisa. Akina mama wa kanisa walipika maharagwe na fufu siku nne mfululizo, vijana wakabeba maji kwa bidoni, na nasema bila kujisifu kwamba fadhili zile hazikuwa za kawaida. Katika juma la pili, ampli ya kwaya, yaani kikuza sauti, haikuonekana depo, katika stoo ya kanisa.

Kamati ilikaa jioni ile ile, nami nikiwamo. Nakumbuka vizuri kwamba hakuna aliyeuliza ni nani mwenye ufunguo wa depo. Tuliulizana "wale wa Sake" wameonekanaje siku hizi, nani anatoka usiku, kijana yule mrefu anakwenda wapi. Mke wa Potifa alipotaka kumshtaki Yosefu mbele ya watu wa nyumba yake hakuanza na kosa, alianza na asili: "mtu Mwebrania". Nasi tulianza hivyo hivyo, kisha tukafunga kwa maombi.

Iliamuliwa kwamba vijana wawili wapekue mizigo ya wageni "kwa heshima", ndivyo ilivyoandikwa katika daftari la mkutano, ingawa sijui mzigo wa mtu hupekuliwaje kwa heshima. Mama mmoja wa rika la dada yangu mkubwa alifungua kitenge chake juu ya mawe ya uani. Zilikuwamo sufuria mbili zilizoingiana, shati la mwanamume, ingawa hakuwa na mwanamume pamoja naye, buletini ya mtoto, yaani karatasi ya alama zake za shule, iliyofungwa vizuri katika mfuko wa plastiki, na ufunguo mdogo wa shaba wenye uzi mwekundu. Kijana mmoja alitoa buletini katika mfuko, akaisoma, akatupitishia. Mwenzake akauinua ule ufunguo.

"Huu ni wa wapi?"

"Wa nyumbani kwangu."

"Nyumbani wapi?"

Mama alielekeza kidevu magharibi, upande ambao mizinga ilisikika. Kijana hakuridhika. Alikwenda kuujaribu katika kufuli ya depo, sisi sote tukimtazama na mama yule akimtazama. Aliuzungusha mara mbili, akautoa, akaupuliza, akaujaribu mara ya tatu. Haukufungua.

Nitaungama jambo ambalo sijalisema mahali pengine: nilikuwa nikitumaini kwamba ungefungua. Si kwa sababu nilimchukia mama yule. Nilitumaini hivyo kwa kuwa ungefungua, basi mkutano wetu wa jioni ile, na maneno niliyosema ndani yake, na ukimya wangu wakati maneno mengine yaliposemwa, yote yangekuwa halali.

Ampli ilipatikana siku tisa baadaye. Mmoja wetu aliyekabidhiwa vyombo alikuwa ameikodisha kwa siri kwa arusi ya watu wa Ndosho, malipo akayaweka mfukoni, nayo ikaungulia huko na kupelekwa kwa fundi Birere. Jumapili iliyofuata, katika matangazo, kati ya ndoa mbili na hesabu ya matoleo, ilisemwa kwamba ampli ya kwaya imepatikana, Bwana asifiwe. Watu walipiga makofi. Familia za Sake zilikuwa zimekaa kwenye mabenchi ya nyuma, na hakuna aliyezigeukia.

Hapo ndipo wenyeji wa Malta wanapotushinda. Luka anasema kwamba walimwangalia Paulo sana, wakimngojea avimbe au aanguke ghafula, na walipoona hapatwi na dhara waligeuza shauri lao. Waliligeuza kwa sauti ile ile waliyotumia kumhukumu, mbele ya watu wale wale. Sisi tulitamka shuku yetu mbele ya ua mzima, tukaiondoa kimyakimya, kama mtu anayerudisha kijiko cha jirani usiku. Ni kweli kwamba wenyeji wale walikosea tena upande wa pili, wakasema yeye ni mungu, na katika hilo nawaona ndugu zetu wengine ambao kwao mkimbizi hana budi kuwa ama mwizi ama malaika wa kupigwa picha. Lakini habari haikuishia hapo. Publio, mkuu wa kisiwa, aliwakaribisha nyumbani kwake siku tatu. Baba yake alikuwa kitandani kwa homa na kuhara damu, na mtu yule aliyeitwa mwuaji akaingia chumbani kwa mgonjwa na kumwekea mikono. Ni mkono ule ule. Nimejiuliza kama baba mgonjwa alikuwa amesikia habari za nyoka, na kama alisitasita kabla ya kukubali kuguswa. Miezi mitatu baadaye, wageni walipopanda merikebu nyingine, wenyeji waliwapakilia vitu walivyokuwa na haja navyo.

Sisi hatukumpakilia mama yule chochote. Nijuavyo, aliuliza ufunguo wake mara mbili. Mara ya kwanza kijana alijibu kwamba ameuacha kwa mtunza depo. Mara ya pili mtunza depo alikuwa safarini. Kisha zile familia zilihamishiwa kambini upande wa Mugunga. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na katika mwezi wa Februari kambi zikabomolewa, turubai zikakunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukisafisha depo, niliukuta ufunguo ukining'inia msumarini nyuma ya mlango, chini ya majoho ya kwaya, uzi wake mwekundu ukiwa umefifia. Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, mimi na mashemasi wawili tutaondoka nao kwenda Sake, na anayetaka kufuatana nasi tukutane mbele ya kanisa. Nyumba hatuijui, wala hatujui kama mlango wake bado upo. Tunalijua jina la mtoto na la shule yake, kwa sababu buletini yake tuliisoma bila ruhusa.